Kenge wa Bibi

Nimerudi tangu alasiri na sijavua viatu. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, hapa hapa Mirdif, Uarabuni, mchanga unanitoka kwenye soksi, na Ami ameshamtuma msichana wake wa kazi mara mbili kuuliza kama nimefika. Nimemwambia naja. Sijenda. Ami ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee sasa, na najua atakaloniuliza. Jibu ninalo, ila ulimi umekuwa mzito.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema, nikaingia kazi ya kupokea mizigo kwenye ghala huko uwanja wa ndege, na ninayoyaandika humu huwa ni ya kujituliza tu. Huenda hata hili nalikuza. Lakini leo nimeona jambo limenipiga bumbuwazi, na wewe unayesoma, kama uliwahi kuwa mtoto mahali ambapo leo hapapo, nivumilie.

Wenzangu wa ghalani walikodi gari mbili za kwenda jangwani. Mvua za baridi zilinyesha vizuri mwaka huu, na kila mtu alikuwa akionyesha picha za maua kwenye simu. Dereva wetu alikuwa Mkenya wa Kitale, mcheshi, anayeendesha kwa mkono mmoja na kuhadithia kwa mwingine. Maua kweli yalikuwapo. Ya manjano, ya zambarau madogo madogo, mpaka mchanga ukawa kama leso iliyotandazwa. Paa wawili walikatiza mbele yetu, gari zima likapiga ukelele. Nilifurahi, sitakataa.

Kisha nikajitia kimbelembele. "Kaka, unalijua bonde lenye ghafu mmoja, ule mti mkubwa, nyuma ya mazizi ya ngamia?"

"Pale? Madam, pale ni mavila siku hizi, majumba na majumba." Akanitazama kwenye kioo. "Lakini yalla, twende ujionee mwenyewe. Usiseme nilikuficha."

Tukateremka kilima nilichokijua, na chini yake pakawa na lami. Ukuta, geti, mlinzi ndani ya kibanda chake. Na nyuma ya geti, katikati ya mzunguko wa gari, ulikuwa umesimama ule ule mti wa ghafu, umezungushiwa taa kama bibi harusi. Chini yake maua yale yanayopandwa kila barabara ya mji huu, meupe mstari, mekundu mstari, kila shina na kibomba chake cha maji.

"Si wamepapendezesha?" dereva akasema.

Wamepapendezesha, sitaki kumdhulumu mtu. Watu wanataka nyumba, na hata hii nyumba yetu, Ami alituambia, imejengwa mahali yeye alipokuwa akifunga ngamia. Lakini nilishuka garini nikaenda hadi getini. Chini ya mti ule ndipo alipokuwa akiishi Kenge wa Bibi.

Ngoja nikueleze.

Bibi, mama yake Baba, aliletwa hapa kutoka Unguja baada ya kufiwa na mumewe. Mimi nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi nikawa wa Bibi. Nilikula naye, nililala kitandani mwake, nikijifunika kanga yake yenye harufu ya udi na kitunguu. Shida ilikuwa moja. Bibi hakuipenda nchi. Sanduku lake lilikaa nyuma ya mlango, na kamba zake hazikufunguliwa. Kila asubuhi akitoka uani, akipiga mchanga kwa kidole cha mguu, na kusema, "Nchi gani hii haioti hata gugu? Mtu akifa hapa atafukiwa kwenye nini, kwenye unga?" Baba akimwonyesha bustani za barabarani. "Hizo zinanyweshwa kwa mpira," Bibi akijibu. "Kiachiwe kiu uone."

Mwishowe Baba akachoka kubishana. Akamwahidi kwamba Ijumaa ijayo atampeleka uwanja wa ndege. Usiku ule nilimshika Bibi kiunoni nisimwachie, kama vile ndege ingekuja kumchukua chumbani.

Ami ndiye aliyesema, "Mvua imenyesha. Mpeni siku moja, mama yenu akaone." Ami alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, lakini Kiswahili alikijua, kwa kuwa baba yake aliwahi kuuza tende Pemba. Basi tukapakiana kwenye gari lake kuukuu. Yeye na Baba mbele, mimi na Bibi nyuma, katikati yetu kikapu cha maandazi, samaki wa kukaanga, na chupa ya chai ya maziwa iliyotiwa iliki mpaka gari lote likanukia.

Lami ilipokwisha, Ami akashuka na kupunguza upepo wa matairi. *Fsss.* Bibi akatoa kichwa dirishani. "Limepasuka?"

"Halijapasuka, Mama," Baba akasema. "Linapunguzwa upepo lisizame."

"Kwetu gari likikosa upepo tunashuka tukenda kwa miguu. Nyinyi ndo kwanza mnaanza safari!"

Ukawa mwendo wa kupanda na kuporomoka. Kila kilele Bibi akivuta, "Ya Latifu, ya Latifu," na kila mteremko akinibana mkono mpaka damu ikakoma. Vidudu vyeusi vilikuwa vimepita mchangani na kuacha nyayo kama mshono wa cherehani. Kisha tukapanda kilima cha mwisho, gari likaning'inia kidogo, na bonde likafunguka chini yetu, manjano tupu, na ghafu katikati.

Bibi alishuka, akavua makubadhi yake, akakanyaga taratibu kama mtu aingiaye msikitini. Aliinama akachuma jani nene, jekundu ukingoni.

"Humaidh hilo," Ami akasema. "Tafuna, Mama."

Akatafuna. Uso ukakunjamana, kisha ukakunjuka. "Chachu kama ukwaju mbichi. Hili ukilipika kwa nazi, na papa..." Hakumaliza. Alikunja pindo la kanga akaanza kuchuma, na nikamsikia, mara ya kwanza tangu aje, akijiimbia. Baba akamkonyeza Ami. Mimi nikaona Ijumaa inarudi nyuma.

Ami naye kwa furaha akataka kuongeza heshima. Alipotelea nyuma ya mti, na aliporudi alikuwa amemkamata shingoni mnyama mnene wa kutambaa, rangi ya mchanga, mkia mzima miiba kama ganda la doriani. Mkononi mnyama alikuwa akipumua kwa hasira.

"Bahati yako, Mama! Leo utakula chakula cha wageni. Mkia wote wako."

Bibi akapiga ukelele, kikapu kikapinduka, chai ikamwagikia maua. "Kenge! Yarabi, kenge! Mwanangu, umenileta kwa watu wanaokula kenge?"

"Si kenge, Mama," Baba akasema, jasho likimtoka. "Hapa wanamwita dhabu. Halali huyu."

"Halali ya nani? Huyu kwetu anaiba vifaranga, akikatiza njia tunageuza safari!"

Uso wa Ami ulianguka. Kusema haki, hakufanya baya. Moto alishauwasha, kisu alishakinoa, na kwao hakuna kipande cha heshima kuliko kile. "Baba yangu akimchinjia mtu ampendaye tu," alisema pole pole.

Bibi akamgeukia Baba. "Ijumaa ni mbali. Nipeleke kesho."

Nilimng'ang'ania kanga, majani yote aliyochuma yakamwagika. Baba alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyepigwa kofi. Na hapo yule mnyama akafunua kinywa kumzomea Bibi, nasi sote tukaona. Kinywani mlikuwa na maua, ya manjano, yametafunwa nusu.

Bibi akasogea hatua moja. "Ana nini mdomoni?"

"Maua," Ami akasema. "Ndiyo chakula chake."

"Vifaranga hali?"

"Hali."

"Mayai?"

"Mama, humu jangwani mayai atayapata wapi?"

Bibi akainama zaidi. Wakatazamana, yeye na yule mnyama, wazee wawili wenye hasira. "Wangu huyu?" akauliza.

"Wako, Mama. Nimeshatoa."

"Wangu kabisa? Hunidai tena?"

"Wallahi, wako."

"Basi mweke chini."

Sijapata kuona watu wazima wakiduwaa vile. Ami alisimama na kisu mkono huu na mnyama mkono huu. Kile kilichotolewa kwa mgeni ni cha mgeni, huo ndio mwendo wao, na yeye ndiye aliyeapa. Akachutama, akamweka mchangani, akamwachia. Mnyama alitulia kidogo kama asiyeamini, kisha akatimka hadi shimoni mwake chini ya ghafu, mkia ukiingia mwisho.

Ami akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Nimezaliwa humu jangwani," akasema, "sijaona mgeni akikiaga chakula chake!"

Tulikula maandazi yaliyopona, na samaki, na majani machachu yenye mchanga. Sikuwahi kula chakula kitamu kama kile, au labda ni njaa ya utoto, sijui.

Ijumaa ilifika. Baba alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Bibi alikuwa ameketi chini, sanduku wazi, kanga zimezagaa chumba kizima.

"Mama, hatuendi?"

"Niende wapi na nina mnyama wangu? Mwenye mfugo hasafiri ovyo."

Ndivyo Bibi alivyobaki. Kila mwaka mvua ikinyesha tulirudi bondeni. Ami akiweka sheria: gari lisishuke, lisimame juu ya kilima, tuteremke kwa miguu, maana yule akisikia mashine hujizika. Kuna miaka tulimkuta anaota jua mlangoni pake, amegeuka manjano kwa joto. Kuna miaka hatukumwona. Hapo Bibi alizunguka shimo ameinama, akitazama maua yaliyo karibu. Akikuta vichwa vimeng'atwa, ananyooka na kupiga kofi moja. "Yupo. Ameshakula." Na Ami, hata mkutano uwe wa harusi, akimwona Bibi msimu ule alimwuliza kwa sauti kubwa mbele za watu, "Kenge wa Bibi yuko?"

Bibi tulimzika hapa hapa, mchangani. Mwenyewe alisema hapana tatizo, pameota. Baba naye akafuata. Ami magoti yakamgomea, macho yakapungua, na mimi kazi ikanimeza, mwaka ukipita, mwingine ukipita, nikimwambia, "Sijenda, Ami." Leo asubuhi nilipotoka alinipungia mkono ukutani. Alijua nakwenda.

Msichana amerudi mara ya tatu. Naenda.

Nimerudi, na Magharibi imeshaswaliwa. Nataka kuandika kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Ami alikuwa ameketi barazani kwake, blanketi miguuni. Msichana alikuwa analeta buli la kahawa. Hakunisalimu vizuri hata.

"Kenge wa Bibi yuko?"

"Sikumwona, Ami." Hilo ni kweli. Nililichagua njiani, hatua kwa hatua, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Mlishuka na gari mpaka chini?"

"Tulifika na gari."

"Ah, watoto nyinyi! Nimesema mara ngapi?" Akacheka, mimi nikapumua, nikadhani nimepona. Nikaanza hata kuinuka.

"Na maua?" akasema. "Uliyatazama ya karibu na mti? Yameng'atwa?"

Nilikuwa nimeyatazama. Nimesimama getini, mlinzi akinishangaa na dereva akipiga honi, nikayatazama moja moja, meupe, mekundu, mstari kwa mstari, kama Bibi. Nilitafuta hata moja lenye alama ya jino. Ndilo lililoniduwaza, kuliko ukuta na zile nyumba. Maua mengi namna ile na hayana wa kuyala.

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Mazima, Ami," nikasema. "Yote mazima."

Ami aligeuza uso kuelekea barabarani, kisha akachukua kikombe chake kutoka kwenye sinia na kukitikisa mara mbili kwa vidole, vile wanavyotikisa wao kumwambia mwenyeji kwamba imetosha. Msichana akanitazama, buli mkononi, hajui afanye nini, maana kahawa alikuwa hajaimimina.