Kijani cha Mto Naviundu

Nilihamia Lubumbashi kutoka Kigoma nikiwa na brashi zangu na kiburi changu. Picha za maharusi nilichora nipate ugali. Mto Naviundu niliuchora kwa ajili ya roho yangu, kwa mtindo wa impresionisti: unakaa nje, unakamata mwanga upesi kabla haujageuka. Kila asubuhi, kona ileile, saa ileile. Majirani waliniona mwanamke aliyerukwa na akili, nami sikuwabishia.

Mbele yangu palikuwa na bustani ya mama mmoja, jirani yangu wa ukuta mmoja nyumbani. Alimwagilia lengalenga, yaani mchicha wa huku, kwa ndoo aliyochota mtoni. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi sita, na muuguzi alimwambia ale mboga za majani kila siku. "Mutoto atatoka na nguvu," mama aliniambia huku akicheka.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, maji yakaanza kunidai rangi nyingine. Kahawia nikaiweka kando, nikafungua kijani, kisha kijani na nyeupe kidogo. Nilifurahi, tena nilifurahi kama mjinga. Vyura walikuwa wamenyamaza. Nikasema afadhali, nichore kwa utulivu.

Mama alichungulia turubai ya picha yangu. "Mayi haiko vile, mama. We unaongeza kuleri."

Nikachukia. "Napaka rangi ninayoiona," nilimjibu. Upande wa juu wa mto kuna kuta ndefu za kiwanda kisicho na kibao, na yanayofanyika ndani hakuna anayetuambia. Nilizijua kuta hizo, lakini nikaendelea kupaka. Hata majani ya lengalenga yalipoanza kuungua pembeni, niliishia kuyatafutia rangi yake.

Juzi mchana mama alibisha kwangu. Hakuketi. "Mutoto hachezi tena mu tumbo. Docteur anauliza mayi iligeuka siku gani. Hakuna mwenye anajua."

Niliogopa. Nikatoa picha zote, nikazipanga ukutani kwa mfuatano wa siku. Akaenda moja kwa moja kwenye ya kwanza ya kijani.

"Hii iko ya siku gani?"

Huwa naandika tarehe nyuma. Nikaigeuza, nikahesabu kwa sauti: siku kumi na tisa.

Alizitazama zote kumi na tisa za kijani, kila moja kijani chake kimekolea kuliko cha picha ya jana yake.

"Na we ulikuwa unaona," akasema.