Jumapili Nyumbani kwa Dale

Polycarp Rweyongeza alifika Toronto mwaka 2001 akiwa mshabiki wa kandanda, tena wa Yanga, wa kufa na kuzikana. Futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili, hakuijua wala hakuitaka. Mara ya kwanza alipoiona kwenye televisheni ya kantini alimwambia mkewe, Domina, kwamba Wazungu wamebuni ugomvi wenye marefa. Sisi tuliosali naye misa ya Kiswahili tulimtania sana baadaye, alipogeuka akawa mshabiki kuwapita wenyeji. Alikuwa anaweza kukusimamisha mlangoni mwa kanisa akueleze kwa nini timu ya Buffalo, pale ng'ambo ya ziwa, imefungwa tena, upende usipende.

Aliyemgeuza alikuwa Dale.

Dale alikuwa msimamizi wa zamu katika ghala la vigae karibu na uwanja wa ndege, na Polycarp alipata kazi hapo ya kuendesha foklifti. Dale alikuwa pande la mtu, lakini sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu. Ujanani alicheza futiboli ya kulipwa Marekani kwa misimu michache. Alikuwa beki, yule ambaye kazi yake ni kumfuata mwenye mpira na kumwangusha. Goti lilipoharibika akarudi kwao Kanada, akaoa, akaingia ghalani. Jioni moja ya theluji basi halikutokea, naye Dale akamkuta Polycarp kituoni amejikunyata, akampakia garini. Walipofika kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch, alikokuwa akiishi Polycarp, Dale akamwuliza Jumapili huwa anafanya nini. Polycarp akajibu kwamba anakwenda kanisani.

"Na baada ya kanisa?"

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili, kuanzia Septemba mpaka Januari, Polycarp alitoka misa, akawafikisha nyumbani Domina na binti yao Koku, kisha akashika njia ya Mississauga, mji wa jirani alikoishi Dale. Chini ya nyumba ya Dale kulikuwa na chumba chenye makochi mawili yaliyochakaa na televisheni kubwa. Huko aliwakuta Menino, Mgoa mstaafu aliyezaliwa Nairobi, na Nyakundi, dereva wa lori kutoka Kisii. Elaine, mke wa Dale, aliwashushia sufuria ya maharage yenye nyama, akapanda zake juu. Saa saba mchana mechi ilianza.

Ni mchezo unaosimama kila mara. Wanaanguka, wanainuka, wanajipanga upya, matangazo yanaingia. Mgeni anachoshwa na hilo, lakini Polycarp ndilo alilolipenda. Mpira uliposimama Dale alimweleza kilichotokea na kitakachofuata, na baada ya msimu mmoja Polycarp akawa anakitabiri mwenyewe. Alituambia kwamba ghalani na barabarani alikuwa mgeni, kila sentensi aliitafuta kwanza kichwani, ila kwenye lile kochi alijua mambo kama mtu yeyote. Na mpira uliposimama walizungumza pia ya maisha. Mama yake alipofariki Bukoba na yeye hakuweza kusafiri kwenda kuzika, alikwenda kwa Dale Jumapili ile kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Aliposema, Dale akazima sauti ya televisheni. Mechi nzima ikachezwa kimya, na hakuna aliyeomba iwashwe.

Dale alikuwa na kanda moja ya video ya siku zake. Kila mwanzo wa msimu waliitazama, kama watu wanavyotazama picha za harusi. Kijana mwembamba wa timu pinzani anapokea mpira, anageuka, na Dale anamfikia kwa kichwa. Helmeti kwa helmeti. Wote wawili wanaanguka. Kisha Dale anainuka, anapepesuka, anakwenda kukaa kwenye benchi la wapinzani, na wapinzani wanamwonyesha kwa vidole benchi lake. Hapo kanda ilikatika, na hapo wote walikuwa wakicheka mpaka machozi. Dale alicheka kuliko wote. Polycarp ndiye aliyekuwa akisema, "Irudishe, irudishe."

Mwaka 2008 timu ya Buffalo ilianza kuleta mechi moja kila mwaka mjini Toronto, kwenye uwanja wenye paa. Walikwenda wote wanne. Polycarp alivaa jezi juu ya koti. Lakini viti vilikuwa vitupu huku na huko, na wengi waliokuja walishangilia timu yoyote iliyopata pointi, kama watu waliopita njia. Menino akasema mchezo huu hapa ni mgeni aliyekaribishwa chai na asiulizwe kama atalala. Dale hakucheka. Wakati wa kuondoka alisimama katikati ya maegesho, funguo mkononi, akimwangalia Polycarp. Alikuwa hakumbuki walikuja na gari gani.

Walisema ni uchovu. Mwaka uliofuata alianza kuuliza jambo lile lile mara mbili, mara tatu. Ghalani alipeleka lori la vigae kwenye mlango usio wake, na alipoambiwa akampiga teke mtu aliyemwambia. Hakuwa hata na miaka sitini. Wakamstaafisha kwa heshima, wakakata keki. Siku ile Polycarp alimfungia ile keki iliyobaki akampelekea nyumbani, na Dale alipofungua mlango akashukuru, akauliza ni siku ya kuzaliwa ya nani.

Menino alikuwa wa kwanza kuacha kuja. Mjukuu wake alikuwa akicheza shuleni, akaumia kichwa, akakaa wiki nyingi katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Menino alimpigia Polycarp simu akasema hana ugomvi na mtu, ila macho yake hayataki tena. Nyakundi alipunguza polepole. Watoto wake walitaka mpira wa kikapu, na yeye mwenyewe alikuwa amerudia ligi ya Uingereza. Mwishowe akabaki Polycarp peke yake kwenye kochi, na Dale kwenye kochi la pili.

Msimu wa 2012 ulipoanza, Polycarp aliitafuta ile kanda akaiweka, akidhani itamchangamsha mwenzake. Dale akatazama, akacheka pale pale pa siku zote. Elaine alikuwa ameshuka na sufuria. Alisimama nyuma yao mpaka kanda ilipokatika, halafu akamwomba Polycarp amsaidie kitu jikoni. Jikoni hapakuwa na kitu cha kusaidia.

"Siku ile nilikuwa uwanjani," Elaine akasema. "Tulikuwa wachumba. Jina langu alilikumbuka Jumanne. Mechi ilikuwa Jumapili."

Polycarp akasema hakujua.

"Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe aliambiwa na wenzake, wakacheka, akacheka. Wiki iliyofuata akacheza tena. Nimewasikia ninyi mkicheka huko chini miaka yote hii, nikasema, waache, ndiyo furaha yake."

Hakusema kwa hasira, na Polycarp alituambia kwamba angalau hasira angeweza kuijibu. Alirudi chini akakaa. Mechi ya siku hiyo ikaendelea, na kila mchezaji alipoangushwa, Polycarp alijikuta anamtazama usoni wakati wa kuinuka. Tangu siku hiyo hakuweza kuitazama kama zamani. Lakini hakuacha kwenda. Angeacha vipi? Jumapili Dale alikuwa akivaa jezi yake asubuhi na kukaa karibu na dirisha la mbele kumngoja. Mengine yote aliyasahau, hilo hakulisahau.

Domina alitaka aache. Alisema, "Baba Koku, ule mchezo unamla rafiki yako na wewe unakwenda kukaa nao kwenye kochi." Naye akajibu, "Siendi kwa mchezo."

Mwezi wa Desemba, mwaka uliofuata, Polycarp alipanda jikoni kuchukua bakuli la bisi. Aliposhuka ngazi Dale alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameinama, mikono mbele. Polycarp alidhani ameangusha kitu. Dale akamjia. Ule mwili, pamoja na uzee wake wa kabla ya wakati, ulikuwa bado unajua kazi yake. Ulimchukua Polycarp tumboni ukambamiza ukutani, na mbavu zikasikika zikivunjika. Bisi zikatapakaa kila mahali. Dale akainuka, akanyoosha mikono juu kama anayengoja makofi. Hakukuwa na makofi. Taratibu akaishusha, akamtazama mtu aliyelala sakafuni.

"Huyu ni nani?" akamwuliza Elaine aliyekuja mbio. "Nani amemruhusu kuingia?"

Hospitalini Polycarp alisema ameteleza kwenye barafu. Domina aliyajua yote usoni mwake, akamfunga bandeji kwa wiki kadhaa bila kumsemesha juu ya jambo hilo. Koku, aliyekuwa ameanza chuo kikuu na ambaye siku zote alikijibu Kiswahili cha wazazi wake kwa Kiingereza, alikaa ukingoni mwa kitanda akamwuliza kama Dale amemwomba radhi. Polycarp akasema Dale hajui kuna la kuombea radhi. Kisha akageukia ukuta, na binti akaona mabega yake yanavyotikisika, na mbavu zile hazikumruhusu hata kulia vizuri.

Baada ya hapo Elaine hakuweza tena. Alimpeleka Dale katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa aina yake, na Polycarp akahamishia Jumapili zake huko. Mara ya kwanza alikuta wamemweka mbele ya televisheni, mechi imewashwa. Wahudumu waliambiwa kwamba alikuwa mchezaji, wakadhani wanamfurahisha. Ukumbini walikuwa wazee wengine, mmoja akikunja leso, mwingine akisinzia. Hakuna aliyekuwa akitazama. Dale alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, na kila wachezaji walipogongana alifumba macho. Polycarp akaomba kuizima. Mhudumu akauliza wazee kama kuna anayetaka iendelee, na hakuna aliyeinua kichwa.

Wakawa wanakaa dirishani. Siku nyingi Dale hakusema kitu. Siku nyingine aliuliza swali moja, kwa woga, kama mtoto anayejua amevunja kitu.

"Yule kijana aliinuka?"

Polycarp alijua ni kijana gani. Katika miaka yote ya kuitazama ile kanda hawakuwahi kujua kama aliinuka, kwa sababu hawakuwahi kumtazama yeye.

"Aliinuka," alimjibu. "Alikwenda nyumbani."

"Vizuri," Dale akasema. Baada ya muda akauliza tena, na Polycarp akajibu tena.

Mwaka 2016 ndipo watu walipoanza kusema kwamba mchezo ule unaisha utamu. Ghalani, wakati wa chakula, kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja aliacha kutazama kwa sababu wachezaji walipiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ubaguzi. Mwingine kwa sababu waliopiga goti walionewa. Wa tatu alisema matangazo yameuzidi mchezo. Vijana hawakuwa na sababu yoyote, wao walikuwa wa mpira wa kikapu tangu utoto. Mzee mmoja wa zamu ya asubuhi alisema ni maneno tu, fainali bado mji mzima unakaa mbele ya televisheni. Walimgeukia Polycarp, maana walimjua kwa futiboli yake, wakamwuliza yeye anasemaje. Alikuwa akimenya chungwa. Akasema hafuatilii siku hizi.

Dale alifariki Februari iliyofuata, wiki ya theluji nzito. Elaine aliwaruhusu madaktari wauchunguze ubongo wake, na baada ya miezi wakamwambia kwamba ugonjwa ule wa vichwa vilivyogongwa mara nyingi ulikuwemo, tena umekwenda mbali. Mazishini tulikuwa wachache: majirani, watu wa ghala, na sisi watano sita wa kanisani tuliomsindikiza Polycarp. Menino na Nyakundi walikuja. Kutoka ile timu yake ya zamani yalifika maua. Polycarp aliombwa aseme neno. Alisimama mbele, akafungua mdomo, akasema Dale alimpa lifti siku ya theluji. Halafu akarudi kukaa, na Domina akamshika mkono.

Elaine aliuza nyumba akahamia kwa dada yake Halifax. Alimwambia Polycarp achukue televisheni au chochote anachotaka. Hakuchukua kitu.

Msimu mpya ulipoanza, Jumapili zake hazikujua pa kwenda. Alirudi nyumbani na familia baada ya misa, akala, akaosha vyombo ambavyo Domina alimwambia aviache. Koku alikuwa ameanza kazi ofisini, mjini. Jioni moja alimpigia simu baba yake, na safari hii akazungumza Kiswahili, akikitafuta neno kwa neno. Alisema ofisini wanapanga kutazama mechi pamoja na yeye hajui sheria hata moja. Alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akiwaeleza watu mlangoni mwa kanisa. Je, angemfundisha? Angeweza kuja Jumapili, watazame wawili.

Domina, aliyekuwa karibu, ndiye aliyetusimulia jibu la mumewe. Alizijua sheria zote, na majina ya nafasi zote, na sauti iliyomfundisha.

"Nimesahau, mwanangu," akasema. "Lakini njoo Jumapili. Njoo tule."