Kumi na Moja kwa Kumi na Tisa

Mimi ni fundi wa motere, injini za magari, na ni mbishi. Sikubali kitu mpaka nikipime. Wakati ule motokari haikutoka kwenye garaji yangu kabla sijaipeleka barabara ya Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, na kuisimamisha kando ya kichuguu kikubwa. Kutoka pale mpaka nguzo ya tatu ya umeme, lami ilikuwa safi. Naikanyaga mpaka mwisho, na bibi yangu, mke wangu wa ndoa, kiti cha pembeni, anahesabu kwa sauti. Saa yangu ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Mdomo wake haukuharakisha wala kuchelewa, hata nikiyumba vipi.

Juma letu la mwisho tulipima mbili. Moja jeep ya mazuti, yaani dizeli, ndefu kwenda juu, ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliyeleta maharagwe mjini. Nyingine ndogo ya milango miwili, ya kukimbia, ambayo mwenyewe alinitupia ufunguo baada ya askari kupora maduka, akaondoka na mfuko mmoja tu. Jeep ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikafika nguzoni kwa kumi na tisa. Ile ndogo ilitubandika migongo kwenye viti. Bibi yangu alipiga kelele kati ya nne na tano, lakini hesabu hakuipoteza: kumi na moja.

"Umeona? Mazuti iko muvivu," nilimwambia.

"Muvivu, lakini inashika njia. Hii yako inaogopa hata jiwe."

Nikamcheka. Nilikuwa na kichwa kigumu, acha tu.

Siku zile watu wa kwao bibi yangu, wenye asili ya mkoa mwingine, walikuwa wanafukuzwa Katanga. Majirani tuliokula nao sahani moja walianza kupita bila salamu. Wajomba zangu walikuja kuniambia nimwache aende na watu wake, nioe mwingine. Niliwafukuza uani kama kuku. Mimi na yeye tulishakata shauri: tutapanda treni pamoja Likasi, popote itakapotufikisha.

Asubuhi ile mfanyabiashara alipitia kwetu na jeep yake. Alikuwa anaelekea Likasi, na nafasi ilibaki moja. Sanduku langu la funguo za kazi, spana zangu zote, lilikuwa kwa kaka yangu, kule Kasungami.

"Wacha ile sanduku," bibi yangu alisema. "Tubaki bote, tuende bote na ile yako."

"Panda! Kumi na moja kwa kumi na tisa! Nitakupata mbele ya kufika Likasi."

Alipanda amenuna. Jeep ilipoondoka alitoa kichwa dirishani akaanza kunitania: "Moja! Mbili! Tatu!" Nilisikia mpaka saba.

Kaka yangu alikuwa shambani. Nilimngoja mpaka jua likasimama kichwani. Halafu nikaingia barabarani na sanduku langu, na malori nilikuwa nayapita kana kwamba yameegeshwa. Niliimba, jamani! Katikati ya njia lami ilikwisha, mvua ilikuwa imeila. Jiwe moja likapasua chini ya motere, mafuta yote yakamwagika, na motere ikakwama. Mimi, fundi! Nilipima nguzo tatu za lami nzuri nikadhani nimepima njia nzima. Nilikaa chini kando ya lile sanduku, funguo zote zimo, na hakuna hata moja ya kuziba tundu lile. Nikalia.

Nilitembea na sanduku begani. Nilifika stesheni ya Likasi siku ya pili, mchana, nikakuta masufuria na mikeka iliyoachwa. Mama mmoja aliyeuza mihogo alimkumbuka.

"Mwenye kitambaa ya kijani? Jana alikatala kupanda. Alisema bwana yake iko mu njia. Leo asubuhi mama yake, ule alimukuta hapa, analia, njo ndugu zake bakamubeba, bakamuingiza mu treni. Alikuwa anahesabu tu, papa. Anafika kumi na moja, anaanza tena."

Nilingoja treni nyingine majuma matatu. Haikuja. Njia ilipofunguka nilifika mpaka kwao. Hakuna aliyemwona akishuka. Nikarudi Lubumbashi, na sikuoa tena.

Juzi mteja mmoja wa mtaa wa Karavia aliniletea motokari mbili: jeep mpya ya mazuti, na ile yake ya milango miwili. Anataka kujua ipi inaondoka haraka. Nilizipeleka palepale, ingawa kichuguu wamekivunja, wamejenga nyumba. Mazuti ya siku hizi haikohoi tena, inaruka. Nilijaribu kuhesabu mwenyewe. Nilifika saba, nikapoteza hesabu. Nikarudia na ile nyingine. Saba tena.

"Ipi njo inapita?" mteja aliniuliza.

"Sijui."

"Papa, na bufundi bwako bwote ule?"

"Mwenye kunihesabia hayuko," nilimwambia, nikamrudishia funguo zake.