Blanketi la Nguo Mbili

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Kisumu. Mwenye duka, Mhindi mpole, aliuza vitambaa kwa yadi ndani, nami nilishona nje. Kwetu ni Maragoli. Nilikuwa nimemleta mke wangu mjini tukaishi pamoja kwa muda, halafu akaniambia hawezi kukaa chumba kimoja katika mji wenye joto namna ile, kati ya watu asiojua lugha yao. Akarudi kwao. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili baba yake aliniomba, kwa heshima zote, nisirudi tena.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya soko la Kibuye. Jirani zangu walizungumza Dholuo, lugha ya Wajaluo, kutoka mlango hadi mlango. Walinisalimu vizuri, kisha wakaendelea na maneno yao. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ngumu. Mwenye duka alinikubalia kuchukua mabaki yaliyoanguka chini ya meza ya kukatia, nikawa nayaunga kuwa mablanketi ya viraka. Sikuwa na mtu wa kumfunika. Ilikuwa kazi ya mikono tu, ili kichwa kinyamaze.

Mwanzoni niliharibu sana. Nilikata kila kipande kilingane na kile kidogo kuliko vyote, nikajikuta nimetupa nusu ya nguo. Nikajaribu kuunga vipande vidogo vidogo bila kukata, na blanketi likapungua mikononi mwangu, maana kila mshono hula kitambaa pande zote mbili. Polepole nikaelewa. Nikapanga mabaki kwa upana badala ya rangi. Yenye upana mmoja niliyapitisha chini ya sindano yakifuatana, bila kukata uzi katikati, yakatoka kama mkanda mrefu. Yale membamba mno niliyashona juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, kimoja kikipanda ukingo wa mwenzake. Kingo nilizinyoosha kwa mkasi mwisho kabisa, baada ya pasi ya makaa.

Mablanketi yale niliyaning'iniza kwenye kamba hapo barazani, na ndiyo yaliyomleta yule mama. Alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Dunga, kando ya ziwa, mjane, umri wake karibu na wangu. Alisimama akayatazama, akageuza moja aone mishono ya nyuma. Kisha akafungua leso aliyoshika. Ndani mlikuwa na gauni la manjano lenye maua na sare ya shule ya buluu, vyote vya mtoto.

"Fundi, hii nguo ni ya mtoto wangu," alisema. "Alikufa. Nataka blanketi ya kulala. Usitupe kitu."

Nilimpa pole. Alinieleza kwa maneno machache kwamba ilikuwa surua, kwamba alikuwa msichana, na hakuwa na mwingine. Nilizipima zile nguo kwa macho nikajua hazitoshi hata robo ya blanketi la mtu mzima. Nilimwambia hivyo, nikamshauri tuchanganye na mabaki ya dukani. Akasema nichanganye, lakini nguo ya mtoto ionekane kila mahali atakapoweka mkono.

Hilo lilinikosesha usingizi kidogo. Kukata kwa mkasi kungepoteza kitambaa kwenye kila mshono wa zamani, kwa hiyo nikaamua kufumua zote kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine. Mama yule aliporudi kutoka sokoni siku iliyofuata alinikuta nikifumua, akaketi kwenye ngazi ya baraza, beseni lake tupu kando. Kesho yake akaja tena. Ikawa desturi. Aliniletea omena, dagaa wa ziwani, za kukaanga zilizofungwa kwenye gazeti, tukala. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota na Dholuo yangu ilikuwa mbaya zaidi, lakini tulielewana. Aliniuliza juu ya mke wangu nikamweleza, jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu yeyote mjini.

Nilipofumua mfuko wa gauni, kitambaa cha chini yake kilikuwa cha manjano kali, kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu jua halikuwahi kukifikia. Nikafika kwenye pindo. Lilikuwa pana kupita kawaida, limekunjwa mara mbili. Nililifungua nikalilaza juu ya meza ya cherehani, nikafurahi kama fundi, maana nilikuwa nimepata mkanda mzima mpya wa kupitisha kwenye blanketi. Nikamwonyesha.

Aliugusa ule mkunjo kwa kidole.

"Hiyo nilimwachia ya kukua," alisema.

Nilitazama barabarani mpaka akamaliza kujifuta uso kwa leso, kisha nikamwuliza taratibu kama niliweke pindo lile kando, nisilitumie. Akasema hapana, niliweke katikati.

Nikaliweka katikati. Buluu ya sare ilikuwa nzito kuliko poplini ya gauni, ingeivuta na kuichana, basi nikaisambaza kwenye kona na kando, na kila kipande cha manjano nikakipakanisha na chepesi mwenzake. Vijipande vilivyobaki, vyembamba kama kamba ya kiatu, nilivishona juu ya kitambaa cha mfuko, vikawa ukingo. Nilipomaliza, mkononi mwangu hakikubaki kitu isipokuwa nyuzi. Nazo nilizitia ndani, kati ya uso na bitana.

Alilitandika juu ya magoti yake pale kwenye ngazi, akaweka mkono hapa, akaweka pale. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Nilidhani atakuja kesho yake kama kawaida. Hakuja, wala wiki ile, wala iliyofuata.

Jumapili moja nilivaa shati safi nikatembea hadi Dunga. Wanawake walikuwa wakianua omena. Mmoja wao aliyejua Kiswahili aliniambia kwamba mwenzao alirudi kwa mama yake, ng'ambo ya ghuba, na kwamba mjini hakuna kilichobaki cha kumshika. Nilisimama kidogo kwenye mchanga, nikaona ninawazuia njia, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Baadaye, miaka ya sabini, mwenye duka aliuza kila kitu akahama nchi, nikahamishia cherehani yangu Kibuye, chini ya mabati. Nilishona sare na mablanketi. Mwanamke wa upande ule wa ghuba, aliyekuja kununua, nilimwuliza habari za yule mama. Akasema ameolewa huko na ana mtoto wa kiume. Nilimwambia anisalimie huyo mama, nikamkunjia blanketi lake vizuri. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini siku hiyo nilifunga kazi mapema, na chakula nilichopika kililala kwenye sufuria.