Kurasa Arobaini za Babu wa Watu

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na watu wa kijiji chetu cha Kikoma wananiita Mwalimu Erifazi hata sasa nimestaafu. Napenda waniite hivyo. Ukoo ulipotafuta mtu wa kuandika maisha ya babu yetu mzaa baba, Yosiya Musoke, sikungoja kuchaguliwa. Nilisimama mwenyewe nikaeleza kwamba kazi hiyo inataka mtaalamu. Hakuna aliyebisha, labda kwa kuwa matoke yalikuwa yameshaiva.

Nikanunua glavu nyeupe na kioo cha kukuzia maandishi. Miezi saba nilizunguka kwenye hifadhi za nyaraka na makanisa ya zamani, nikipiga chafya juu ya madaftari ya ubatizo. Mwezi wa nne nikampata: Yosiya Musoke, chifu wa tarafa kule Busujju, mwenye nyumba ya bati wakati wenzake wameezeka nyasi. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikaona kweli pua yangu ni ya kichifu.

Palikuwa na kasoro ndogo. Daftari lilisema mtu yule ni wa ukoo wa Nkima, yaani tumbili, na sisi ni watu wa Mbogo. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliandika chini ya ukurasa kwamba padri alikosea.

Desemba ukoo ulikusanyika, watu kama sitini, nikaanza kuwasomea kurasa zangu arobaini. Chifu alikuwa ndiyo kwanza anamkaribisha gavana chai (chai hiyo niliibuni mwenyewe, kunogesha) Ssenga Federesi alipoinua fimbo yake. Ssenga ni shangazi yangu, dada yake baba, binti wa kumzaa wa huyo Yosiya niliyekuwa nikimtafuta Uganda nzima. Ana miaka themanini na saba. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua mia tatu.

"Erifazi, huyo unayemsoma ni nani?"

"Ni babu, Ssenga."

"Babu wa nani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za turubai. Nilikunja karatasi zangu nikasema nitaendelea siku nyingine.

Kesho yake nilikwenda kwake bila glavu. Nilimuuliza, kwa uchungu kidogo, mbona hakuwahi kunihadithia.

"Wewe kila Jumapili unaniuliza kama nimemeza dawa," akasema. "Nikijibu, umeshaondoka."

Ndipo akanipa habari za baba yake. Yosiya alikuwa fundi baiskeli, mtu mfupi, mwoga wa damu kiasi kwamba kuku akichinjwa yeye huenda kukagua migomba. Lakini yake ndiyo iliyokuwa baiskeli imara kuliko zote pale, na hospitali ya misheni ilikuwa maili kumi na nne. Mwanamke akishikwa na uchungu, waliitwa mkunga na Yosiya. Alitia mto wa majani makavu ya mgomba kwenye keria, akaendesha huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu ili asisikie kilio. Hakutaka malipo. Alisema mzigo wenyewe unamtisha, akilipwa atatishika zaidi.

"Mwaka wa hamsini na saba akambeba mama yako," Ssenga akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata kupishana mlangoni ni aibu, na anayevunja mwiko huo, wazee husema, hushikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Lakini baba yangu alikuwa kazini Jinja, mvua ilikuwa imekata barabara, na mwanamume mwingine mwenye baiskeli hakuwepo. Yosiya alijifunga shuka la gome la mti mgongoni, akamfunga mama lingine kifuani ili miili isigusane, wakaondoka. Walifika bondeni tu. Nilizaliwa kando ya njia, mkunga aliyewafuata kwa miguu akiwa ndiyo kwanza anatokea, na babu amegeuka upande wa pili ameinua mwavuli juu yetu, macho ameyafumba, anaimba.

"Walimwambia atatetemeka," Ssenga akasema. "Akawajibu, nitatetemeka nikiwa na mjukuu."

Uzeeni mikono yake ilitetemeka kweli. Hakuweza tena kushika spana, na watu wakatikisa vichwa, wakisema walimwonya. Kwa aibu ya mambo ya ukwe, habari ile ilizikwa. Mama alikufa mimi mdogo, na babu akafuata bila kuniambia neno. Nilimkumbuka, mzee aliyekwisha kuacha kazi, akinitazama sana, nami nikidhani ananisifu kwa kusoma.

Nilikaa kwa Ssenga hadi chai ikapoa. Nilijua mito yote ya Afrika na vyanzo vyake.

Kurasa arobaini nilizipeleka Busujju kwa wenyewe, watu wa Nkima. Walinipokea vizuri, wakanichinjia jogoo, kisha wakanionyesha makosa tisa.

Pasaka nilisoma upya, safari hii kurasa sita. Sikufika ya tatu. Bibi mmoja alisimama akasema watoto wake pacha walirudi kutoka hospitali kwenye baiskeli ile, ndani ya kikapu. Mwingine akadai dada yake naye alibebwa. Nikaketi, nikageuza karatasi upande mweupe, nikaanza kuandika majina ya waliobebwa, mmoja mmoja, kadiri walivyonitajia.