Pua ya Baba Sabiti Gazetini

Mwaka 1983, pale Shinyanga mjini, mtu alikamatwa kwa sababu ya pua.

Si utani.

Aliyekuja kumkamata alikuwa na gazeti mkononi. Alilikunjua, akautazama ukurasa, akamtazama mtu, akautazama tena ukurasa.

"Ndiye," akasema. "Mpakieni."

Na aliyeichora pua ile alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, hatua kumi tu, na ndoo ya maji mkononi. Akaona kila kitu. Hakufungua mdomo.

Huyo ni Mbuke, mama yangu mkubwa. Kisa hiki amenipa mwenyewe mwaka huu, akaniambia nikiandike kama kilivyo, nisimpendelee. Basi simpendelei.

Mbuke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mhunze. Tatizo lake lilikuwa mikono. Haikuweza kukaa. Akisahihisha daftari, anachora pembeni. Kwenye kikao cha walimu, anachora. Siku mkaguzi wa shule alipojikuta kachorwa nyuma ya kitabu cha mahudhurio, tumbo na kila kitu, Mbuke akajua chaki na yeye basi.

Akahamia mjini, akapanga chumba kimoja, akaanza kulichorea gazeti moja la Mwanza. Jina nalihifadhi.

Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa kibarua wa kalamu. Picha ikitoka gazetini, umefanya kazi. Isipotoka, umepoteza wino.

Na wino wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Chupa ikiisha, alikwangua masizi ya kibatari, akayakoroga na gundi ya mgunga iliyolowekwa majini. Akipata mchanganyiko mzuri, picha inatoka nyeusi tii. Akikosea, inapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Kazi ilikuja kwa telegramu. Mhariri, bwana mmoja akiitwa Stanslaus, hakupoteza neno. "MKULIMA NA MBOLEA. TRENI YA ALHAMISI." Basi. Hapo Mbuke chakula hakipiti. Anaingia ndani, anatoka nje, anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mpaka bahasha iwe mkononi mwa gadi wa treni, hana amani. Ikishaondoka ndiyo hana amani zaidi, maana hajui kama imekubaliwa.

Chini ya kila picha aliweka herufi mbili tu: M.M.

Stanslaus ndiye aliyetaka hivyo. Eti wasomaji wakijua kuwa mchoraji ni mwanamke, hakuna atakayeogopa picha zake. Kwa hiyo mji mzima uliamini M.M. ni mzee mmoja wa Mwanza, mwenye miwani. Mbuke alisikia wakimsifu huyo mzee sokoni. Akanunua dagaa wake, akaenda zake.

Sasa, mwaka ule. Wazee wenu wanaukumbuka.

Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Unapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Kisha ikaja operesheni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa vitenge vyao wenyewe porini kwa hofu.

Telegramu ikaja Jumatatu: "MLANGUZI WA SUKARI ANAYEPELEKA MACHIMBONI GEITA. HARAKA."

Mbuke akachora mtu mnene, gunia mgongoni, anacheka. Akaituma. Jumatano ikarudi na kikaratasi cha Stanslaus:

"Huyu ni boga lenye miguu. Nataka mtu. Msomaji akimwona aseme: huyu namjua."

Na treni ilikuwa kesho yake mchana.

Asubuhi ile ya Alhamisi alichora watu saba. Wote maboga. Akasimama dirishani, kalamu mdomoni, akatazama nje.

Mkabala na chumba chake kulikuwa na karakana ya baiskeli ya mzee Hatibu. Baba Sabiti, watu walimwita hivyo. Mtu wa Tabora kwa asili, kofia ya kiua, mpole mpaka wateja wanamwonea. Ndiye aliyemtengenezea Mbuke ubao wa kuchorea kwa mbao za sanduku la spea, wala hakuuliza ni wa nini.

Na alikuwa na pua. Utotoni ndama alimpiga teke, pua ikapinda kushoto, ilipopona ikarudi kulia. Ukiiona mara moja huisahau.

Mzee Hatibu alikuwa ameinamia gurudumu, jua linampiga upande mmoja wa uso.

Mkono ukachukua kabla kichwa hakijakataa.

Mama mkubwa anasema ilikuwa picha bora aliyowahi kuchora. Anasema hivyo kwa sauti ya chini.

Akajidanganya. Kofia ya kiua akaigeuza kuwa pama. Akaongeza tumbo, akaongeza jino la dhahabu. Nani atamjua? Akakimbia stesheni, akampa gadi bahasha, treni ikaondoka.

Jumamosi gazeti likaingia mjini.

Kufikia adhuhuri kila mtu sokoni alikuwa analo. "Hatibu! Umetoka gazetini!" Mzee mwenyewe alicheka, akashika pua yake, akawaambia wamwombe M.M. aiongezee urefu, maana kaifupisha.

Jumapili wakacheka tena, ila kidogo.

Jumatatu kuna mtu akauliza: "Lakini hebu, huyu mzee kila mwezi huwa anafuata nini Geita?"

Jamani, kila mtu alijua anachofuata. Alikuwa akinunua baiskeli mbovu za wachimbaji, anazirudisha mjini, anazifufua. Karakana nzima ilijaa mifupa ya baiskeli za Geita. Lakini swali likishaulizwa, jibu halina kazi.

Jumanne kikosi cha ukaguzi kikaja na gari.

Wakamwaga spea zote barabarani. Minyororo, pedali, kengele. Wakaingia ndani, wakapekua mpaka mtungi. Sukari hawakuipata. Walichokipata ni vipande kumi na vinne vya sabuni, chini ya kitanda, vimefungwa kwenye khanga.

"Ni ya harusi!" mkewe Zuwena akapiga kelele. "Harusi ya mwanangu Chausiku! Nimekusanya kipande kimoja kimoja tangu Ramadhani iliyopita!"

Mkuu wa kikosi akakunjua gazeti. Mengine nimekwisha kuwaambia.

Jumatano asubuhi mlango wa Mbuke ukabishwa.

Alikuwa Zuwena. Macho yamevimba.

"Shikamoo, Mama Sabiti."

"Marahaba, mwalimu. Wewe unajua kuandika. Niandikie barua."

"Kwenda wapi, mama?"

"Gazetini. Kwa huyo aliyemchora mume wangu."

Acha kabisa. Mbuke akaketi, akavuta karatasi. Kalamu ilikuwa ile ile.

"Andika," Zuwena akasema, akiwa amesimama. "Wewe M.M. Mimi ni mke wa mtu uliyemchora. Hujawahi kula kwake, hujui hata anavyokohoa. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika: mume wangu amelala sakafuni tangu jana. Ana kifua. Ulimwona na gunia siku gani? Saa ngapi? Kama ulimwona, njoo useme. Kama hukumwona, njoo useme vilevile. Hebu nisomee."

Mbuke akasoma. Kufika "anavyokohoa" akapotea mstari. Alikuwa anajua sana anavyokohoa. Miaka mitatu anakisikia kikohozi kile kabla ya jogoo.

Zuwena akajifunga khanga vizuri.

"Utanipelekea posta, mwalimu."

"Nitapeleka, mama."

Alikwenda posta mara tatu siku ile. Mara ya kwanza akafika mlangoni. Mara ya pili akapanga foleni. Mara ya tatu akanunua stempu, akarudi nayo nyumbani imegandia kiganjani kwa jasho.

Barua aipeleke wapi? Aliyeandikiwa ni yeye.

Alhamisi akafungasha nguo zake kwenye kikapu, akaenda stesheni. Atapanda treni, atafika Mwanza, ataomba kazi nyingine, atakuwa mtu mwingine. Treni ikaja. Watu wakapanda na kuku wao na mikeka yao. Gadi, aliyemzoea, akamnyooshea mkono apokee bahasha.

"Leo huna mzigo, mwalimu?"

"Ninao," Mbuke akasema.

Akageuka. Akaenda na kikapu chake moja kwa moja mpaka ofisi ya kikosi, nyumba ya bati karibu na maghala ya pamba.

Mkuu wa kikosi aliitwa Ignas. Kijana mrefu, sauti ya upole, na upole ule ndio uliomtisha Mbuke.

"Nimekuja kwa ajili ya mzee Hatibu," akasema. "Ile picha nimeichora mimi."

Ignas akacheka. "Mama, M.M. ni mzee wa Mwanza. Hata mimi namjua."

"Nipe karatasi."

Akachora pale pale juu ya meza. Pama, tumbo, gunia, jino, pua. Dakika mbili.

Kicheko kikakoma.

"Vizuri," Ignas akasema. "Basi wewe ni shahidi wetu. Ulimwona akipakia sukari?"

"Sikumwona na sukari. Nilimwona na gurudumu. Nilitafuta sura ya kutia kwenye picha, nikachukua yake."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu."

"Mama, sura ya mtu haiingii gazetini bila sababu."

Mbuke akavuta karatasi nyingine. Pama ile ile, tumbo lile lile, gunia lile lile. Lakini uso safari hii ulikuwa mrefu, masikio yamechomoza, mwanya katikati ya meno. Akaigeuza karatasi.

Askari aliyekuwa nyuma akapaliwa na mate, akatazama dari.

"Huyu ni nani?" Ignas akauliza, na alikuwa anamjua.

"Nikimpandisha treni, Jumamosi yuko gazetini. Jumatatu watu watauliza anafuata nini Geita. Afande, wewe huwa huendi Geita?"

"Nakwenda kikazi!"

"Hata Baba Sabiti."

Mbuke akatia mkono kwenye kikapu.

Akatoa telegramu na kile kikaratasi cha Stanslaus. Akaviweka mezani. Ignas akasoma taratibu. Nataka mtu. Msomaji akimwona aseme: huyu namjua.

"Unaelewa kwamba ukiniachia hivi, wewe na gazeti hilo ndiyo basi?"

"Naelewa."

"Na wewe mwenyewe naweza kukuweka ndani?"

"Kikapu changu hiki. Nimekuja na nguo."

Ignas akazichukua picha zote mbili, akazifungia kwenye mtoto wa meza.

"Nenda nyumbani," akasema. "Na sijasema kwamba nimekubali."

Jumamosi mzee Hatibu akarudi kwa miguu. Amekonda, kofia hana, anakohoa. Sabuni ilibaki kule kama ushahidi, na ushahidi huo haujarudi mpaka leo. Chausiku aliolewa kwa nguo zilizofuliwa kwa majivu.

Mbuke akasubiri mpaka Zuwena alipotoka kuanika. Akavuka barabara. Akapiga magoti kwenye vumbi, watu wanaona.

"Mama Sabiti, ile barua sikuipeleka posta."

"Najua."

"M.M. ni mimi."

"Hilo nalo najua."

Mbuke akainua uso.

"Alhamisi ile nilikuwa barazani," Zuwena akasema, akikamua shuka. "Nakuona dirishani. Unamtazama mume wangu, unainama. Unamtazama, unainama. Nikajisemea, huyu mtoto wa Kisukuma kampenda mzee wangu! Nikakuwekea kinyongo siku mbili nzima. Jumamosi gazeti likaja. Nikasema, kumbe si mapenzi. Afadhali yangekuwa mapenzi."

"Sasa mbona hukunitaja, mama? Walipokuja kumkamata nilikuwa nimesimama pale!"

"Ningekutaja ungekana. Wangeniona mwanamke mwenye wivu, na mume wangu angeozea kule. Aliyeweza kumtoa ni mtu mmoja tu, yule aliyechora bila kuona kitu. Na huyo ilibidi aende mwenyewe, kwa miguu yake."

Akaitundika shuka kwenye kamba.

"Ndiyo maana nikaja na barua. Nilitaka uisome kwa mdomo wako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi sikuchorwa," Zuwena akasema. "Kamwombe mwenyewe."

Akamwomba. Mzee Hatibu akamwambia yamekwisha, mwanangu, inuka utachafuka. Na alikuwa mtu wa kweli, pengine yalikwisha. Lakini tangu siku ile hakutengeneza tena baiskeli nje. Aliingiza kazi yote ndani, mlango nusu, hata ule mwezi wa kumi ambao bati la Shinyanga linachoma kama kikaango. Mbuke alikuwa akisikia nyundo tu. Mtu mwenyewe hakumwona.

Gazeti halikuomba radhi. Stanslaus hakutuma tena telegramu. Mama mkubwa alikaa karibu mwaka mzima bila kazi ya kalamu, halafu akaanza kuchora vijitabu vya pamba na mabango ya chanjo. Hakuna uso aliouchora tena bila kwanza kubisha hodi kwa mwenyewe. Wengine walikubali, wengine walimfukuza na fagio. Aliona sawa tu.

Nimeyaandika haya kwa sababu wiki iliyopita nilirusha kwenye grupu picha ya mama mmoja wa sokoni, na maneno ya kuchekesha chini yake. Ilipata vicheko mia mbili. Nikamwonyesha mama mkubwa, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu.

"Huyu anakaa wapi, ukamwombe?"

Sikujua.

Nawe unayesoma, kabla hujarusha uso wa mtu, jiulize kama nyumba yake unaijua. Kuurusha ni dakika moja. Kuurudisha, mama mkubwa ana miaka sabini, bado anajaribu.