Mgeni wa Posho ya Mazingira Magumu

Mwalimu Hilda alikuwa na digrii, miwani, na aibu ya kuutosha ukoo mzima. Katika miaka yake mitatu Yaeda Chini, watu aliowahi kuongea nao kwa kirefu ni wanafunzi wa darasa la tatu, na hao hawakuwa na pa kukimbilia.

Sasa afisa alikuwa anakuja kutoka wilayani kuona kama shule inastahili posho ya mazingira magumu. Hilda alishajiapiza: posho ikikosekana, anaomba uhamisho. Wiki nzima akaandika orodha ya shida, kurasa nne, zenye utangulizi na hitimisho, utadhani anatetea tasnifu.

Lakini alilelewa Bashay, na kwao mtu halalamiki mbele ya mgeni. Asubuhi ile akajikuta anapiga deki kwa maji ya kutumia siku mbili, anatandika kitambaa alichokidarizi mama yake, anaomba maziwa ya chai kwa jirani.

Afisa, mzee Patriki, alikunywa chai huku akitazama nyumba.

"Mnaishi vizuri, kumbe! Maji mnapata?"

"Tunapata, baba."

"Barabara?"

"Inapitika."

"Changamoto nyingine?"

Kurasa nne zilikuwa chini ya kitambaa, karibu na kikombe chake.

"Hakuna. Tunamshukuru Mungu."

Mwalimu Mkuu Basili, aliyeketi kando ya mgeni, alipaliwa na chai. Afisa akaandika kwenye fomu neno moja, "Nafuu", akaaga, akaelekea kwenye gari.

"Hilda wewe!" Basili akanong'ona. "Umetumaliza!"

"Na wewe mbona ulinyamaza, Mwalimu Mkuu?"

"Nilijua msomi ndiye atasema!"

Injini ikawaka. Msomi akaliona darasa la tatu limejipanga kumpungia mgeni mkono, akaiona akilini na barua ya uhamisho ambayo sasa ingebidi aiandike. Akakimbia, ndala moja ikabaki njiani, akagonga kioo cha gari.

"Maji tunafuata kwa punda, mwendo wa saa mbili! Masika gari halifiki, mwalimu mjamzito tulimbeba kwa machela! Choo chetu kimetitia!"

Patriki akashusha kioo. "Si umesema hakuna?"

"Ulikuwa mgeni, baba."

"Na sasa?"

"Sasa umeshaaga."

Mzee akamtazama, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaiweka fomu juu ya paja, akalikata lile neno.

"Haya, mwanangu. Anza na maji."

Hilda akaanza, na hakuishia kwenye maji. Alipofika kwenye nyoka wa darasa la tano, dereva aliona heri azime injini.